Kuku kwa Mbwa: Hukumu ya Kumlisha na Namna ya Kumlisha kwa Salama

Tumeona tulizungumzie jambo ambalo watu huliuliza kwa aibu kidogo, mara nyingi wakiwa wamesimama mlangoni baada ya darasa kwisha. Nalo ni chakula cha mbwa. Je, Muislamu aliyeweka mbwa analazimika kumlisha? Akimpa mabaki ya kuku wake, anaharibu tohara ya nyumba? Na kuku aliyekufa kibudu, badala ya kutupwa, anafaa kupewa mbwa?

Swali hili lina uzito wake zaidi kwa ndugu zetu wa vijiji vya mashamba kuliko kwa watu wa mjini. Chukua Kikole, kijiji cha wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi. Wengi walilisikia jina hilo mwaka 2009, pale msitu wa asili wa kijiji hicho, pamoja na ule wa Kisangi, ulipopata cheti cha kimataifa cha FSC kwa uvunaji bora wa miti, hasa mpingo. Lakini mwenye kuishi karibu na msitu hapati mpingo tu. Hupata pia nyani, ngedere na nguruwe mwitu, na mkulima wa mahindi, mihogo au ufuta anajua usiku mmoja wa nguruwe unavyoweza kumaliza jasho la miezi. Ndiyo maana mbwa yuko shambani. Hakuletwa kwa mapambo.

Hata hivyo mbwa huyo huyo anayelinda chakula cha familia mara nyingi halishwi. Anaambiwa "nenda kajitafutie". Ukimuuliza mwenyewe atakujibu kuwa mbwa ni najisi, na yeye anaogopa kumkaribia, chakula chake na chombo chake. Sisi tunaona hapa pamechanganywa mambo mawili ambayo wanazuoni wetu waliyatenganisha zamani sana: najisi ya mbwa ni mlango mmoja, na haki ya mbwa ni mlango mwingine.

NAJISI NI JAMBO MOJA

Watu wa mwambao huu ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi'i (aliyefariki mwaka 204 Hijria, sawa na 820 Miladia). Si jambo la jana. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 731 Hijria, yaani 1331 Miladia, aliwakuta watu wake ni Mashafi'i. Na katika madhehebu haya mbwa ni najisi nzito, mughalladha: mate yake, jasho lake, mwili wake wote. Dalili yao kubwa ni hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, inayoamrisha kuosha mara saba chombo alichokiramba mbwa, na katika riwaya ya Muslim mojawapo ya mara hizo iwe kwa udongo. Imam Malik aliona mbwa ni twahara na kwamba kuosha huko ni ibada tu tuliyoamrishwa bila ya kuelezwa sababu. Mahanafi nao wakasema mate yake ndiyo najisi, ama mwili wake sio. Tunazitaja kauli hizi ili msomaji asimkaripie ndugu yake wa madhehebu mengine. Sisi tutaendelea na yale yanayofuatwa hapa kwetu.

(Kuna watu wanaopenda kusema kwamba udongo uliamrishwa kwa sababu unaua vijidudu fulani. Hatuna haja ya kuyategemea maneno hayo. Amri imethibiti kwa sanadi sahihi, inatosha.)

Kwa hiyo, kwa Mshafi'i, mbwa akiramba sufuria ya nyumbani, itaoshwa mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo, na kauli yenye nguvu ni kuwa sabuni haishiki nafasi ya udongo. Lakini najisi haiyumbi hewani. Mbwa mkavu akipita na kugusa nguo kavu, hakuna kilichohama. Unyevu ndio unaoibeba. Mtu akimtengea mbwa chombo chake mwenyewe, bakuli kuukuu la bati au kipande cha chungu kilichovunjika, akakiweka nje mbali na jiko na mahali pa kuswalia, na akammiminia chakula bila chombo cha nyumbani kugusa kile cha mbwa, basi hana la kuosha mara saba asubuhi wala jioni. Anayetabika na tohara ni yule asiyemlisha mbwa wake, kwa sababu mbwa mwenye njaa ndiye anayeingia jikoni.

HAKI YAKE NI JAMBO JINGINE

Sharia haikumruhusu kila mtu kuweka mbwa kwa kupenda tu. Imekuja katika Bukhari na Muslim kwamba anayeweka mbwa hupungukiwa na thawabu zake kila siku, qirati moja au mbili kwa kutofautiana riwaya, ila akiwa ni mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo au wa kulinda shamba. Mkulima wa Kikole yumo ndani ya ruhusa hii bila ya shaka. Wanazuoni wengi wameikisia nayo nyumba yenye kuhitaji ulinzi. Ama ndugu zetu walioko Ulaya, Marekani au hata miji yetu mikubwa wanaofuga mbwa kwa mapenzi tu, hao hadithi hiyo inawagusa, na tunawanasihi waitazame. Lakini kukosea kumweka mbwa hakuhalalishi kumshindisha na njaa. Mnyama hakujileta.

Na hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia) ndani ya Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisomesha vizazi kwa vizazi, amemaliza mlango wa matumizi ya wajibu kwa kutaja wanyama: ni juu ya mwenye mnyama kumpa malisho na maji, na akikataa hulazimishwa. Kwa mnyama anayeliwa hulazimishwa kumuuza, kumlisha au kumchinja. Kwa asiyeliwa hulazimishwa kumuuza au kumlisha. Sasa mbwa kwetu haliwi, na thamani yake pia imekatazwa, hauziki. Kilichobaki ni kumlisha, au kumpa mwingine anayemhitaji.

Zaidi ya hapo, tazama mlango wa tayamamu katika kitabu hicho hicho. Mojawapo ya sababu zinazomruhusu mtu atayamamu na maji anayo mkononi ni kuyahitaji kwa kiu ya kiumbe chenye heshima kisharia. Washereheshaji wameeleza kuwa mbwa wa manufaa anaingia humo, na anayetoka ni mbwa mkali mwenye kudhuru watu. Maana yake ni kuwa mtu aliye safarini na mbwa wake wa kuwinda, akiwa na maji ya kutosha ama udhu ama kiu ya mbwa, atampa mbwa na yeye atagusa mchanga. Wanazuoni waliosema hivi ndio hao hao waliosema mbwa ni najisi mughalladha. Hawakuona mgongano wowote. Na sote tunaijua hadithi ya aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe.

Izzu-din bin Abdissalam (aliyefariki mwaka 660 Hijria) alipoorodhesha haki za wanyama juu ya wanadamu aliongeza kuwa mnyama ahudumiwe hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na faida tena. Tunamtaja kwa ajili ya mbwa wazee wa shamba, ambao ufuta ukishavunwa huachwa waende watakako.

MABAKI YA KUKU

Tuingie sasa kwenye kuku mwenyewe, maana mkulima hana nyama nyingine ya karibu zaidi. Kuku ni chakula kizuri kwa mbwa. Nyama yake ina protini nyingi, inasagika kwa urahisi tumboni, na hata madaktari wa mifugo humshauri mwenye mbwa aliyeharisha ampe kuku wa kuchemsha mtupu pamoja na wali kwa siku chache. Madhara hayatoki kwenye nyama. Yanatoka kwenye vitu vitatu: mifupa, viungo, na ubichi.

Mifupa ya kuku iliyopikwa ndiyo hatari ya kwanza, na ndiyo hasa inayotupiwa mbwa. Watu hushangaa: mbwa si mla mifupa? Ni kweli, lakini moto hubadilisha mfupa. Mfupa mbichi una unyevu na unapinda. Ukichemshwa, ukikaangwa, na zaidi ukichomwa, hukauka na kuwa mkavu kama kijiti, na ukitafunwa haukatiki vipande butu bali hupasuka ncha kali. Ncha hizo huweza kukwama kooni, kuchana umio, au kutoboa tumbo na utumbo. Mifupa ya kuku ni miembamba na yenye uwazi ndani, kwa hiyo hupasuka vibaya zaidi. Wapo mbwa waliokula mifupa hiyo miaka yote bila dhara, na wenyewe watakuambia. Hilo halimsaidii yule aliyetobolewa. Mbwa akionekana anakohoa, anajikuna mdomo kwa mguu, anatapika bila kutoa kitu, au anajikamua kwenda haja na kutoa damu, apelekwe kwa afisa mifugo mapema. Usimsokomeze ugali ili "ausukume mfupa".

Viungo vinafuata. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi, vilivyopikwa au vilivyosagwa unga, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na saumu ina nguvu kuliko kitunguu maji. Dalili hazionekani siku ile ile. Huja baada ya siku kadhaa: mbwa mchovu, fizi zimepauka, mkojo umegeuka rangi ya hudhurungi. Mtu hakumbuki tena kwamba Jumatatu alimwagia mchuzi. Chumvi nyingi nayo humdhuru. Mafuta mengi, yakiwemo ngozi ya kuku na tui zito la nazi, huweza kumletea ugonjwa wa kongosho wenye maumivu makali. Kwa hiyo kuku wa kupaka na pilau ya Idi, vyakula ambavyo hakuna shughuli ya pwani isiyokuwa navyo, ndivyo vibaya kabisa kwa mbwa: nazi, saumu, vitunguu, chumvi na mifupa vyote kwa pamoja. Baada ya harusi watu hukusanya sinia nzima na kuitupa jaani. Mbwa wa mtaa mzima hukusanyika, na mwenye shughuli anajiona ametoa sadaka.

Namna iliyo salama haina gharama. Kabla ya kuunga mchuzi, toa sehemu zisizoliwa sana na watu: shingo, mgongo, vipande vya ngozi kidogo, firigisi iliyosafishwa, utumbo uliokamuliwa na kuoshwa. Chemsha pembeni kwa maji matupu mpaka viive kabisa, si juu tu. Viache vipoe, kisha ubambue nyama kwa mikono uitenge na mfupa, na mifupa uifukie au uitupe shimoni mahali ambapo mbwa hafiki. Supu ile uimimine juu ya ugali au wali. Tena ugali si dharau kwa mbwa: utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulionesha kuwa mbwa, tofauti na mbwa mwitu wa Ulaya aliyetokana naye, ana uwezo mkubwa wa kusaga wanga, ishara kwamba amekaa na wakulima kwa maelfu ya miaka. Nyama ya kuku peke yake haimtoshelezi, kwani ina kalsiamu kidogo mno, na mbwa mdogo anayekua akilishwa nyama tupu mifupa yake hudhoofika. Dagaa wakavu wasio na chumvi, waliosagwa pamoja na mifupa yao, husaidia.

Ama ubichi, wapo siku hizi wanaosifu kumpa mbwa kuku mbichi mzima kwa hoja kwamba ndiyo maumbile yake. Hatuwaungi mkono, angalau kwa nyumba zetu zenye watoto wanaotambaa uani. Kuku mbichi mara nyingi hubeba vimelea vya salmonella na kampilobakta. Mbwa huweza kuvibeba bila kuumwa, akavitoa kwenye kinyesi na mate yake, na anayeharisha akawa ni mtoto.

KUKU ALIYEKUFA KIBUDU

Hili ndilo swali lenye ikhtilafu, nasi hatutaificha. Kibudu ni haramu kwetu kula kwa nassi ya Sura al-Maida, aya ya 3. Je, kumlisha mbwa ni kunufaika nacho? Al-Jassas, mwanachuoni mkubwa wa Kihanafi (aliyefariki mwaka 370 Hijria), amenukuu kwa watu wa madhehebu yake kwamba mzoga haufai kutumiwa kwa namna yoyote, hata kuwalisha mbwa. Mashafi'i wamelegeza: kwao inajuzu kuwapa mbwa na ndege wa kuwindia. Wanaoruhusu mfano wa haya huleta ushahidi wa kisa cha Hijri, nchi ya Thamudi, katika msafara wa Tabuk. Watu walikanda unga kwa maji ya visima vya huko, na Mtume (S.A.W.) akaamrisha maji yamwagwe na kinyunga wapewe ngamia. Kilichozuiwa kwa watu hakikuzuiwa kwa wanyama.

Tunaifuata ruhusa hiyo, lakini ruhusa ya fiqhi haigeuki kuwa shauri la tiba. Tazama kuku amekufa kwa nini. Akiwa ameanguka kisimani au amegongwa na pikipiki mchana huu, hukumu ni hiyo na apikwe kama tulivyoeleza, kwa sufuria ya mbwa. Akiwa amekufa kwa maradhi, asipewe. Kideri kikiingia kijijini kuku hufa kwa makundi, na mbwa anayeburura mizoga hubeba maradhi hayo kutoka uani kwako hadi kwa jirani mwenye kuku wazima. Homa ya mafua ya ndege aina ya H5N1 ni hatari kwa mbwa mwenyewe: huko Thailand mwaka 2004 mbwa mmoja alikufa baada ya kula mizoga ya bata walioambukizwa. Na kuku aliyekufa kwa kula sumu ya panya ataihamishia sumu ile kwa mbwa. Hao wote wafukiwe chini kabisa, au wachomwe. Kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana inawahusu mbwa na jirani pia.

NJAA INAPOMTOA NYUMBANI

Tulisema mwanzo kwamba mbwa asiyelishwa huambiwa akajitafutie. Kwa mikoa ya Lindi na Mtwara maneno hayo yana hatari ambayo mikoa mingine haina kwa kiasi hicho. Kuanzia mwaka 2010 ilifanyika kampeni kubwa ya kuchanja mbwa dhidi ya kichaa katika wilaya za kusini-mashariki ya Tanzania, Kilwa ikiwa ndani ya eneo hilo, pamoja na kisiwa cha Pemba. Watafiti waliofuatilia matokeo waligundua, katika kazi iliyotolewa mwaka 2021, kwamba Lindi na Mtwara sehemu kubwa ya wanyama wenye kichaa walikuwa ni mbweha. Basi mbwa anayezurura usiku pembezoni mwa msitu akitafuta mizoga anagombania chakula na mbweha, na jeraha moja linatosha. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa mwanadamu ni mauti. Aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, na aende hospitali siku hiyo hiyo kuchomwa chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Pemba ni kisiwa cha Waislamu tupu karibu, na watu wake walileta mbwa wao wakachanjwa mpaka ugonjwa ukatokomezwa. Najisi haikuwazuia kuwashika kamba.

Mbwa mwenye njaa humaliza pia kuku wa watu. Waliozoeshwa vichwa na matumbo mabichi yenye manyoya hujifunza haraka kuwa kuku anayetembea ni chakula kile kile. Ugomvi wa majirani huanzia hapo, na mwenye mbwa husema "mnyama hana akili". Nawawi ameshalijibu hili ndani ya Minhaj kwa mfano wa paka: paka aliyejulikana kwa tabia ya kuharibu ndege au chakula cha watu, mwenyewe atalipa, usiku na mchana, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Mbwa ni vivyo hivyo. Mara ya kwanza huenda ukawa na udhuru. Akishajulikana, ni juu yako kumfunga na kumlisha, au kulipa kila kuku.

Na kuku mwenyewe aliyekamatwa na mbwa akanusurika? Aya ile ile ya al-Maida imevua katika kilichoraruliwa na mnyama kile mtakachowahi kukichinja. Akikutwa na uhai uliotulia, si kutikisika kwa roho inayotoka, akachinjwa kwa sharti zake, ni halali. Pale meno yalipopita ni najisi. Kauli yenye nguvu kwetu ni kuwa hapasamehewi, lakini panatosheka kwa kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, wala si lazima kuikata nyama ile na kuitupa. Ila mbwa akiwa ni wa kushukiwa kichaa, kuku huyo asiliwe wala asipewe mbwa mwingine. Afukiwe, na aliyemshika aoshe mikono yake kwa sabuni kabla ya kuiosha kwa udongo.